Sauti ya Silinda

Jumatano, 29 Juni 1988

Leo nimeitwa kama mtoto wa shule. Bwana Jonah, katibu wa klabu ya gofu, alinisimamisha kwenye grini ya nne akaninyooshea kidole chini. Nyasi zimekuwa kahawia kwenye ncha, kama zimetafunwa na mbuzi asiye na meno. Nikasema ni kiangazi. Akasema kiangazi hakipigi mistari. Kweli — ile rangi imekwenda kwa mistari, upana kamili wa mashine yangu ya kukata nyasi.

Kosa nalijua. Silinda inazunguka na bledi zake juu ya kisu cha chini, na hicho kisu hakisogei. Nyasi hukatwa hapo katikati kama kwa mkasi. Vyuma vigusane kidogo tu, na dalili yake ni sauti: tss, tss, kama mtu anafagia uwanja kwa jirani. Ukilegeza, nyasi zinatafunwa. Ukikaza sana, chuma kinachoma chuma, makali yanajikunja, nyasi zinararuliwa. Miaka ishirini na miwili nimekaza zile skrubu kwa sikio.

Kamati imeamua niende kozi Kitui, wiki mbili, mafunzo ya mafundi wa mashine za nyasi. Mashine mpya ya silinda tatu inakuja mwisho wa Julai na haitaguswa na mtu asiye na cheti. Nikirudi na Gredi ya Pili nabaki na karakana. Nikirudi mikono mitupu nakabidhi funguo. Bwana Jonah akasema hata madaktari hurudi darasani, akanipiga bega. Anadhani nimesahau kazi.

Sijasahau kitu. Sisikii. Hiyo ndiyo shida yote, na sasa nimeiandika. Sikio la kulia lilikufa zamani, la kushoto linamfuata mwenzake. Hakuna anayejua. Kozi gani itanifunza kusikia?

Jumamosi, 2 Julai

Nyumbani Mbumbuni. Kasyoka amefurahi sana kwamba mume wake anapelekwa masomoni. Amefua ovaroli mbili na kuzipiga pasi — ovaroli! Binti yetu Mumbua ameninunulia kalamu mpya. Nilikula kidogo. Sikuwaambia sababu ya kupelekwa. Nilisema klabu inanithamini.

Jumapili, 10 Julai

Nimefika Kitui na vumbi mpaka kwenye kope. Hosteli ya chuo, chumba cha watu wawili. Mwenzangu ni Evanson Irungu, mtu wa miaka thelathini na kitu, fundi wa viwanja katika shule moja ya bweni kwenye barabara ya Mombasa. Watu wake walitoka Murang'a wakafungua duka Salama kabla hajazaliwa, na Kikamba chake ni safi kuliko cha watoto wangu. Anaongea sana. Anaongea kichwa kikiwa ndani ya begi, anaongea akipiga mswaki. Nimemwambia nataka kitanda cha dirishani kwa ajili ya hewa. Uongo. Nikikaa hapo sikio la kushoto linaelekea kwake.

Jumatatu, 11 Julai

Tuko kumi na mmoja. Wa mission, wa mashule, wawili wa vilabu. Mimi ndiye mzee kuliko wote, hata mwalimu. Mwalimu ni Bwana Muthama, mtaratibu, mwembamba, ana tabia moja mbaya — anazungumza na ubao. Akituelekea nayasoma maneno mdomoni mwake vizuri. Akigeuka, yote yanakwenda ukutani na hayarudi.

Wakati wa chai nikaenda kumwambia nahamia kiti cha mbele kwa sababu macho yangu ni dhaifu. Macho! Naona sindano kwenye majani. Lakini lilikuwa neno la kwanza kunijia.

Alinihurumia. Kutoka saa tano amekuwa akiandika herufi kubwa kubwa kwa ajili yangu. Herufi kubwa zinachukua muda, kwa hiyo anatupa mgongo mara mbili zaidi ya asubuhi. Nimejichimbia shimo mwenyewe.

Jumanne, 12 Julai

Mabomba ya mafuta ya mashine mpya, namna ya kutafuta panapovuja. Ninayajua nusu, nusu nyingine nimenakili kwa Evanson. Mwandiko wake kama kuku amekanyaga wino. Tulipewa jaribio la kuandika nikapata themanini na mbili. Wa pili darasani! Kwenye karatasi mimi ni fundi mzuri sana.

Alhamisi, 14 Julai

Siku mbaya. Sitaki kuandika lakini nisipoandika nitaikalia usiku kucha.

Leo ilikuwa vitendo. Silinda iko juu ya meza, kila mtu anaikaza kwa zamu. Bwana Muthama alituambia karatasi ije mwisho: unakaza kwanza kwa sikio, ukiridhika ndipo unapitisha kipande cha karatasi uone kama kinakatwa safi. Wenzangu wakafanya. Walikuwa wanainamisha kichwa hivi, wanatabasamu wakisikia.

Zamu yangu. Niliinamisha kichwa kama wao. Nikazungusha silinda kwa mkono, nikakaza. Kimya. Nikakaza tena. Kimya. Ilikuwa nzito kidogo nikadhani ni grisi kavu. Mwalimu akaniambia niunganishe mota, nikaunganisha, nikaongeza robo ya mzunguko. Nikainua macho nikaona nyuso zao. Evanson amefumba macho. Yule mtu wa mission ameziba masikio na vidole vyote viwili. Nilifikiri wananicheka. Ndipo nikanusa chuma kinachoungua, na Bwana Muthama alikuwa amenishika kifundo cha mkono.

Kisu cha chini kimekuwa buluu kwenye kona. Kisu kipya cha chuo. Mwalimu alikuja mbele yangu akaniambia pole pole, "Mzee, hii kitu ilikuwa inalia." Nikasema taa ni hafifu, sikuona vizuri. Mtu akacheka. Bwana Muthama hakucheka wala hakusema zaidi, alikitoa kile kisu akakiweka kando.

Jioni Evanson alikuja akakaa kwenye kitanda changu, uso kwa uso. "Mzee wangu, usikasirike," akasema. "Wewe huskii. Sio macho." Nilikasirika. Nilimwambia aniheshimu, nina binti karibu umri wake. Akangoja nimalize. Akasema mama yake Rahab ameendesha mashine ya kusaga unga pale Salama miaka mingi na amekuwa kiziwi kabisa, na bado hakuna mtu anayepanga mawe ya kusagia kama yeye. Anauma mwiko wa mbao, ncha ya pili anaigusisha kwenye mashine. "Mama huskia na meno."

Nikamwambia atoke kitandani kwangu.

Ijumaa, 15 Julai

Sijamsemesha Evanson. Ameniwekea chai mezani akaenda zake. Niliinywa ikiwa baridi.

Jumamosi, 16 Julai

Karakana hufunguliwa Jumamosi kwa wanaotaka mazoezi. Nilikwenda peke yangu mapema. Nikachukua bisibisi kubwa ya mpini wa mbao. Nikafunga mlango kwanza, maana mtu mzima akiuma bisibisi lazima watu waulize.

Ladha ya grisi na jasho la watu. Niliuma mpini, ncha nikaiweka kwenye fremu, nikazungusha silinda kwa mkono. Hakuna. Nikasogeza ncha karibu na kisu cha chini. Hakuna. Nikakaza skrubu kidogo — na ikaja. Haikuja sikioni. Ilikuja kwenye taya, chini ya sikio, kama chungu wanatembea. Tss, tss. Upande wa kushoto tu. Nikakaza upande wa kulia mpaka chungu wakawa sawa pande zote.

Karatasi ya barua ya ndege, ile nyembamba, ilikatwa safi kutoka mwanzo wa kisu hadi mwisho. Nilifanya silinda nne. Zote nne! Sijui mara ya mwisho nilisikia sauti hiyo ni lini, labda mwaka wa themanini na nne. Nilikaa chini sakafuni nikalia kidogo, hakuna aliyeona.

Nimemwomba Evanson msamaha. Akasema sio kitu. Akaniuliza kama meno ni yangu yote au mengine ni ya kununua. Nimecheka baada ya siku nyingi.

Jumapili, 17 Julai

Nilikwenda ibada hapa mjini. Mgeni, nikapewa kiti cha nyuma karibu na mlango. Mahubiri ya saa nzima na sikupata neno hata moja. Niliangalia lini watu wanasimama nikasimama. Mbumbuni mambo ni tofauti, nakaa benchi la mbele na wazee wa kanisa, walinipa mahali hapo mwaka jana baada ya kutengeneza jenereta bila malipo. Hapo nasikia angalau nusu.

Jumanne, 19 Julai

Muli, mfanyabiashara wa mbaazi wa kwetu Mbumbuni, amepita Kitui akaniletea barua kutoka nyumbani. Mwandiko ni wa Mumbua, maneno ni ya mama yake. Naandika hapa yale niliyosoma kwa sababu nimeyasoma mara sita na bado yananiuma.

Anasema wameuza mbaazi, ng'ombe amepona mguu. Halafu bila kuvuta pumzi anasema: Baba Mumbua, ukishindwa na hiyo kozi kwa ajili ya masikio usijilaumu. Waambie walimu mapema. Sisi tunajua tangu mwaka jana, wakati wa mavuno. Ndiyo sababu tunakaa upande wako wa kushoto tukila. Ndiyo sababu Mumbua anakushika mkono kabla ya kusema. Nilimwomba mchungaji akuweke mbele kanisani na yeye akakubali, tukasema ni kwa sababu ya jenereta ili usione haya.

Kwa hiyo hata benchi.

Nilikaa nyuma ya karakana na ile barua nikawa na hasira. Mwaka mzima nimekuwa nikipanga viti vyangu, vitanda vyangu, nikichagua pembe za kukaa, nikijiona mjanja. Kumbe nyumba nzima inazunguka kunipisha. Kanisa zima linajua. Pengine soko lote la Mbumbuni linajua, wananiuzia misumari kwa kupaza sauti na mimi nafikiri ni watu wachangamfu. Nimekuwa kama mzigo ambao watu wanauhamisha taratibu usivunjike.

Halafu hasira ikaisha ikabaki huzuni. Kasyoka ni mtu wa kusema, hawezi kuficha hata bei ya kitenge. Na hili amelificha mwaka mzima. Namfikiria akihama na sahani yake kwenda upande wa kushoto, na mimi sikutambua. Nampenda mwanamke huyu na sijamwambia siku nyingi. Labda aliniambia yeye na sikusikia.

Jumatano, 20 Julai

Nilimwendea Bwana Muthama ofisini nikamwambia macho yangu ni mazima. Nikamwambia mengine yote. Alisikiliza akizungusha kipande cha chaki.

Akasema alishuku siku ya kile kisu cha buluu. Ameniona pia na bisibisi mdomoni, kupitia dirishani. Kwake hakuna neno, silinda zangu ndizo bora darasani. Lakini yeye hatoi cheti. Mtahini anatoka Nairobi, na mtihani ni sehemu mbili. Kesho vitendo. Ijumaa ni wa mdomo, unasimama uani kando ya injini inayonguruma, anauliza maswali papo hapo: hii sauti ni ya nini, utafanya nini. Hataki mtu amuulize mara mbili, anasema kiwanjani hakuna mara ya pili.

Injini naweza kuiuma. Mtahini siwezi kumuuma.

Tena kuna fomu. Mstari wa tisa unauliza kama unasikia vizuri, ndiyo au hapana, na nakala inakwenda kwa mwajiri kabla hujafika nyumbani. Nikamuuliza mwalimu niandike nini. "Hiyo utajaza mwenyewe, mzee," akasema. "Mimi sitaki kukuharibia. Na uwongo pia sitaki kusema." Baadaye darasani aliandika herufi ndogo na akatuelekea sisi wakati wote. Darasa likashangaa amekuwaje.

Nikiandika hapana, Bwana Jonah atapata nakala na karakana imekwenda. Najua kamati yetu. Watanipa fyekeo nikate majani ya kando ya uzio mpaka nichoke mwenyewe. Nikiandika ndiyo na mtahini akaniuliza swali nisilolisikia, mimi ni kiziwi na mwongo pia.

Alhamisi, 21 Julai

Vitendo vimeisha. Mtahini ni mtu mfupi wa viatu safi. Nilipouma bisibisi alisogea akanitazama kutoka kushoto, akanitazama kutoka kulia. Nilimwambia ni desturi yangu. Karatasi ikakatwa safi. Hata yeye aliichukua akaipandisha kwenye mwanga. Akaandika kitu kirefu kwenye jalada lake.

Halafu akaongea nikiwa nimempa mgongo. Nilijua kwa sababu Evanson, upande wa pili wa meza, alininyooshea kidevu. Nikageuka. Mtahini alikuwa anarudia, na mara ya pili nikaisoma mdomoni: alitaka kujua nimefanya kazi miaka mingapi. Nikajibu. Alinitazama muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji.

Usiku Evanson ana mpango. Kesho tunaitwa mmoja mmoja lakini mlango wa uani uko wazi, wanaongoja wanakaa kwenye benchi na kutoka huko wanaona kila kitu. Yeye atangoja mpaka nimalize. Akisikia swali atanipa kwa vidole kwenye goti: kimoja plagi, viwili mkanda, vitatu beringi, ngumi ni mafuta. Maswali mengi ni hayo hayo. Alikuwa ameshaandika orodha, masikini, kwa ule mwandiko wake.

Nilimwambia hapana. Alishangaa, nami pia nilijishangaa. Nikamwambia nimechoka kuwekwa upande wa kushoto wa kila mtu. Asininyooshee kidevu tena, asinipe vidole, akae kama hanijui. Akasema, "Lakini mzee, utaanguka." Nikamwambia basi nianguke mwenyewe. Nilimwapisha. Amekubali, hajafurahi.

Sasa amelala, na mimi naiona ile orodha yake mezani na naitamani.

Ijumaa, 22 Julai, saa nne na nusu asubuhi

Kwenye benchi kando ya mlango wa uani. Naandika ili nionekane nina shughuli.

Wameshaingia tisa. Tumebaki mimi na Evanson. Injini iko uani inanguruma, naijua kwa miguu, sakafu inatetemeka na benchi pia. Nikitulia natambua ina kasoro. Beringi nadhani. Ningekuwa na bisibisi ningejua hakika.

Yule mtu wa mission ametoka akitabasamu, akanipa mkono, akasema kitu akiwa tayari anaondoka.

Fomu iko chini ya daftari hili. Nimejaza jina. Nimejaza miaka, ishirini na miwili. Kijiji, Mbumbuni. Mstari wa nane, macho: mazuri. Mstari wa tisa bado. Karani wa chuo alinipitishia ujumbe asubuhi kwenye kikaratasi: Bwana Jonah amepiga simu kuuliza kama nimefaulu, mashine mpya imefika klabuni Malili kabla ya siku zake, inangoja fundi. Inangoja. Ni neno zuri. Niliweka kalamu kwenye "ndiyo", nikaiondoa. Niliweka kwenye "hapana". Kuna nukta ya wino kila upande sasa, fomu inaonekana kama imeumwa na kupe.

Nimefikiria nimwambie mtahini tu. Niseme bwana, sikio moja limekufa na jingine linakwenda, simama mbele yangu na uliza unachotaka kuhusu mashine yoyote. Ni sentensi moja. Nimeirudia moyoni tangu alfajiri. Nimeweza kumwambia mwalimu, sijui kwa nini huyu ananitisha. Ni ile nakala. Ni fyekeo. Ni kwamba nikishalisema hapa litakuwa la serikali, si la nyumbani tena.

Sakafu imeacha kutetemeka. Wamezima injini. Basi wanajiandaa kumwita mwingine.

Evanson amekaa mwisho wa benchi. Ananitii, mtu wa watu. Mikono ameiweka chini ya mapaja, kabisa, kama amefungwa, na anatazama ukuta ulio mbele yetu. Shingo imemsimama. Kwa nini shingo imemsimama hivyo? Sitamwangalia. Nilimwapisha mwenyewe.

Naandika mstari wa tisa. Nimeweka kalamu. Naandika —

Kuna viatu kando ya kiatu changu cha kulia. Vyeusi, safi, vile vya mtahini. Sijui vimesimama hapo tangu lini. Mtu anayesikia angekuwa ameshainua kichwa.